Barazani kwa Ami: mji wa Zeituni na nyumba ya babu pale Kibokoni

Mwezi huu barua zimeingia kwa wingi na karibu zote ni za Uchina, sijui kuna nini, nadhani ni zile video za wasichana waliojaza maua kichwani zinazozunguka kwenye simu za watu. Nimetoa nne. Ya kwanza nimeijibu mpaka mkono ukafa ganzi, hizo zingine nimekwenda mbio, mtanisamehe.

Salamaleko Ami. Nyumba yetu Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, ni ya babu mzaa babu, kuta za matumbawe, boriti zimeanza kuoza na roshani yaning'inia mpaka watoto tumewakataza kupita chini yake. Ndugu zangu wataka tuibomoe tupandishe ghorofa sita tupangishe. Sasa kuna jamaa yangu aleta viatu kutoka Uchina, amenitumia picha za mji waitwa Quanzhou, ati una zaidi ya miaka elfu na nyumba za kizamani zimetengenezwa na watu wanaishi humo humo na biashara inakwenda. Ni kweli ama ni picha za kupambwa? Na kama ni kweli wao waliwezaje? — Mwenye nyumba mbovu, Kibokoni

Waaleikum salaam mwanangu. Ni kweli, ingawa kupambwa kidogo kupo, ntafika huko. Huo mji nimeutembea na magoti yangu haya. Nilikuwa Guangzhou nafuatilia kontena la vyombo, likakawia siku tano, na mi kukaa hotelini kutazama ukuta siwezi, nikapanda treni nikaenda zangu. Jina lisikutishe, latamkwa kama Chuanjo, uko mkoa wa Fujian, pwani kabisa, upande unaotazamana na Taiwan.

Kabla hatujafika kwa boriti zako, jua kwanza huo mji na sisi twajuana zamani. Mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi hawakuuita Quanzhou, waliuita Zaitun, zeituni hii hii ya kwenye sahani. Na zeituni zenyewe hata hazikuwepo, ni mti mwengine wenye maua mekundu, Wachina wauita citong, ulipandwa kuuzunguka mji wote, sasa mabaharia waliposikia citong wakasema zaitun bas ikabaki hivo. Hata hichi kitambaa cha satini kinachoshonewa magauni ya harusi, wajuzi wengi wa lugha wasema jina limetoka huko.

Ibn Battuta wamjua, yule msafiri wa Morocco aliyepita hapa Mombasa mwaka 1331 akienda Kilwa, akaandika kuwa watu wa Mombasa ni wacha Mungu, chakula chao ndizi na samaki, misikiti yao ya mbao imejengwa imara na milangoni kuna visima, mtu aosha miguu kisha aipangusa kwenye mkeka mnene ndo aingia. Mtu huyo huyo, miaka kama kumi na tano baadaye, akashuka Zaitun, akasema bandari yake ni katika zile kubwa kabisa duniani, akaona majahazi makubwa kama mia moja na madogo hayana idadi. Miguu iliyopanguswa kwenye mkeka wa Mombasa ndo iliyokanyaga ufuo ule. Nilipolikumbuka hilo nikiwa njiani kule nikacheka peke yangu, dada mmoja akanipisha upesi, nadhani alidhani nina wazimu.

Alafu mambo yakaharibika. Vita vya ndani vikazuka 1357 mpaka 1366, wageni wengi wakauawa na wengine wakakimbia, wakaja wafalme wa Ming wakapiga marufuku watu kufanya biashara zao za baharini, bandari nayo ikajaa mchanga na tope. Watu wakatawanyika, Ufilipino, Malaysia, Indonesia, Taiwan, na hadi leo kuna mamilioni ya Wachina wa ng'ambo ukiwauliza kwenu wapi wakwambia Quanzhou hata kama hawajaukanyaga. Ni kama watu wetu walioko Maskati na Dubai, nyumba iko Ndia Kuu, ufunguo uko kwa shangazi.

Pesa zilirudi miaka ya 1980 kuja huku, viatu na nguo, hizo raba za Anta zatoka Jinjiang na Jinjiang ni ndani ya Quanzhou. Mji mzima na wilaya zake sasa una watu karibu milioni 8.8. Palivunjwa vitu pia, mtu asikudanganye, lakini kile kiini cha zamani kikashikwa, na mwaka 2021 UNESCO ikaweka sehemu 22 za huko kwenye orodha ya urithi wa dunia, kuna msikiti, mahekalu, madaraja, tanuri za vyombo vya kauri, mpaka mahali palipofuliwa chuma.

Sasa hebu nikupeleke barabara moja waita Xi Jie, yaani Barabara ya Magharibi. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Kuna hekalu la Wabudha la Kaiyuan, lilianzishwa mwaka 686, lina minara miwili ya mawe ya karne ya 13, kila mmoja wapita mita 40, na mwaka 1604 lilipiga tetemeko kubwa la ardhi na minara ikabaki imesimama. Nyuma ya jumba kuu mna nguzo zimechongwa miungu ya Kihindu, zilitoka kwa hekalu la Wahindi lililovunjika zamani, Wabudha wakazichukua wakazitia kwao. Mtu wa Mombasa hilo halimshangazi, sisi adhana, kengele na ngoma ya hekalu zote twazisikia kabla ya chai.

Lakini kilichonishika si minara. Ni mzee mmoja mlangoni kwake, kavaa kaptula ya kulalia, kakaa kwenye kigoda, anakula tambi nyembamba kama nywele zilizopikwa mpaka zikawa kama uji, bakuli kalishika kifuani. Watalii wapita na kamera zao, yeye hata hainui macho. Nyuma yake ukuta umejengwa mawe meupe na vipande vya matofali mekundu vimechanganywa hivi hivi, wenyewe wasimulia kuwa baada ya lile tetemeko watu waliokota vifusi wakajengea na ikawa ndo mtindo wa huko. Nguo zimeanikwa juu. Pikipiki ya umeme imeegeshwa ndani ya ukumbi karibu na picha za mababu. Nikasema ewaa, hapa pana watu.

Hilo ndo jibu la swali lako la waliwezaje. Kuna kichochoro kimoja karibu na hapo, Jinyu Xiang, Kichochoro cha Samaki wa Dhahabu, walianzia majaribio yao pale. Nyaya za stima zilizokuwa zimetandwa juu kama utando wa buibui wakazizika, mitaro wakaitengeneza, sakafu ya mawe ikatandikwa upya, mlango uliooza ukabadilishwa huo mlango sio nyumba nzima, na wenyeji wakabaki mumo humo. Kazi ya sindano si ya shoka. Na ndani ya mji wa kale majumba yamewekewa kiwango cha urefu, ndo maana mpaka leo ukisimama juu ya paa minara ile miwili ndo mirefu. Kisha kuna barabara ya Zhongshan, ya miaka ya 1920, maduka chini, watu waishi juu, na ghorofa ya juu imetoka mbele ikafunika njia ya waendao kwa miguu, watembea kilomita nzima hulowi wala huungui jua. Mtu angetufanyia hiyo Digo Road ningemuombea dua kila Ijumaa.

Hapo kwa kupambwa sasa. Jioni za Jumamosi Xi Jie haipitiki, kila duka la tatu lauza kitu kile kile, na juu ya mapaa kuna mikahawa yakulipisha kahawa bei ya samaki mzima kwa sababu tu mnara waonekana. Nyumba ikishaanza kuzaa pesa mwenye nyumba ashawishika kuondoka akapangisha. Hilo latokea kwao na litatokea kwetu, linaanza.

Haya, nyumba yako. Ntakwambia lililonipata mimi. Mwaka juzi ukuta wangu wa nyuma ulianza kumenyeka, nikaita fundi, akauangalia akaniambia Ami huu tupige plasta ya saruji utakaa miaka hamsini. Masika moja tu, ukuta ukaanza kutoa jasho kwa ndani, chumvi ikachanua kama unga wa muhogo na kabati la mke wangu likaota ukungu mpaka buibui zake za kutokea zikanuka. Kumbe jiwe la tumbawe lapumua, lafyonza maji na kuyatoa, ukiliziba na saruji maji hayana pa kutokea, yarudi kwako ndani. Tukaikwangua yote, na saruji ikitoka yaja na vipande vya ukuta, wallahi nilisikia kama nang'olewa jino, ndo tukapiga chokaa, tabaka baada ya tabaka, kila moja wasubiri ikauke. Nililipa kuharibu, nikalipa tena kutengeneza.

Kwa hivo msibomoe. Boriti zabadilishwa moja moja, roshani yashushwa yafundwa yarudishwa, na mafundi wa mbao wanaojua kazi hiyo bado wapo, ulizia Lamu ukiwakosa hapa. Hizo ghorofa sita ndugu zako wataka kuziweka kwenye kichochoro ambacho mkokoteni wapita kwa kuomba radhi, tena ukuta wa upande mmoja ni wa jirani pia, ukivunja wako wamvunjia na yeye. Alafu Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, ruhusa yatakikana, anzeni hapo kabla fundi hajashika nyundo. Chini fanyeni duka au vyumba viwili vitatu vya wageni, juu mama akae. Sisemi mtatajirika. Kodi ya ghorofa sita ni nyingi kuliko hiyo, ndugu zako hesabu wanaijua na mi siwezi kuwadanganya. Wape hesabu ya kubomoa, kuchimba msingi na kesi ya jirani pia, waiweke kando ya hiyo nyingine.

Ami shikamoo. Binti yangu amepata skolashipu ya kusoma Huaqiao University, nimeambiwa iko huko huko Quanzhou. Roho yangu haitulii. Atakula nini? Ataswali wapi? Na baridi je? — Mama wa Bondeni

Marahaba mwanangu, na hongera. Toa wasiwasi wa kuswali kwanza. Quanzhou kuna msikiti wa Qingjing, umejengwa mwaka 1009, ni katika misikiti ya zamani kabisa iliyobaki Uchina. Lango lake ni la mawe, refu, lenye tao lililochongoka juu, ukilitazama waweza kudhani uko Shamu. Na kuna maandishi ya Kiarabu ukutani yasema ulikarabatiwa mwaka 1310 na Ahmad bin Muhammad Qudsi, mtu wa Shirazi. Mshirazi! Wazee wetu wakijisifu Ushirazi hapa vijana wacheka, kumbe wengine walikuwa wakishika ukarabati Uchina. Ule ukumbi wa zamani paa lilianguka karne nyingi zilizopita na halikurudishwa, kuta tu na madirisha na nyasi, watu waswali jengo la pembeni. Hatua chache jirani pana hekalu la Kichina na moshi wa ubani wake wavuka ukuta mpaka uani kwa msikiti, nilipokuwa natia udhu nikasikia harufu kama ya nyumbani jioni ya Alhamisi.

Chakula, hapo awe macho kweli. Nguruwe huko ni kila mahali, hata kwenye mchuzi ambao hauonekani kuwa na nyama, asile kwa kudhani. Ajifunze maneno mawili ya maandishi yao, *qingzhen*, ndo halali, yaandikwa kwenye bao la hoteli mara nyingi kwa rangi ya kijani na Kiarabu pembeni. Hoteli za tambi za Lanzhou ziko karibu kila mji wa Uchina na wenyewe kwa kawaida ni Waislamu, tambi wazivuta kwa mikono mbele yako mpaka zawa nyembamba, raha kutazama. Mchele upo, samaki wapo, chaza wapo tele. Mfungie pilipili ya kusaga, iliki na achari, hayo hatapata yanayomridhisha.

Baridi ya huko si ya theluji, ni pwani kama kwetu ila Januari atataka koti na soksi, na nyumba nyingi hazina kipasha joto kwa hivo ndani huwa baridi kama nje. Vimbunga vyaja miezi ya joto, wakiambiwa wakae ndani akae ndani. Pesa kule ni kwa simu, kama M-Pesa yetu tu, noti wakuangalia kama umetoa hirizi, afungue hizo apu mapema akiwa bado na mtu wa kumsaidia. Akishuka na ndege Xiamen, treni ya mwendo kasi mpaka Quanzhou ni kama nusu saa. Nusu saa ndo mi hukaa foleni ya feri Likoni nikiwa na bahati.

Ami, ni kweli Wachina walikuja pwani yetu zamani ama ni hadithi zilizoletwa na SGR? — Mbishi wa Kisauni

SGR ni ya 2017, Wachina ni wa zamani zaidi, we mbishi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga mpaka kwa mfalme wa Uchina. Zheng He, yule amiri wa majahazi aliyezaliwa Muislamu, ana jiwe lake Quanzhou kwenye makaburi ya Lingshan, la mwaka 1417, laeleza kuwa alipita hapo kuchoma ubani na kuomba salama kabla ya safari ya Hormuz na nchi nyingine, na ni safari hiyo ndo majahazi yake yalifika pwani hii. Waliochimba Mambrui mwaka 2010 walipata sarafu ya enzi hizo hizo. Na vyombo vya Kichina vilikuja hata kabla yake, nenda makumbusho ya Fort Jesus utazame, ama ingia nyumba yoyote ya zamani yenye zidaka ukutani, zile sahani bibi alizokukataza kuzigusa zilitoka wapi?

Ila Mombasa isijitie kwenye twiga, ni wa Malindi.

Nauza vikuba, yale maua ya kutungwa, na asmini Majengo. Wateja wangu vijana siku hizi wanionyesha picha za wasichana wa Kichina na maua kichwani, wataka niwafungie hivo hivo. Ni nini hicho? — Muuza asmini

Hao ni wanawake wa kijiji cha Xunpu, kijiji cha wavuvi ukingoni mwa Quanzhou. Nywele wazikusanya nyuma zikawa kifundo, wachomeka kijiti katikati, alafu wazungushia maua mabichi pete baada ya pete, vikonyo vya asmini vimetungwa kwenye uzi kama unavyotunga wewe, na maua makubwa juu yake. Kina mama wa pale wavaa siku ya kawaida tu, nimemwona mmoja wa miaka kama sabini abambua chaza kwa kisu kifupi, maganda yaruka, mikono imejaa tope la bahari, na kichwani bustani nzima haijatikisika. Mwaka 2023 picha zikaenea Uchina kote, sasa wageni waja kwa mabasi, wavalishwa nguo, wafungwa maua, wapigwa picha na mpiga picha wa kukodi, na wanakijiji wengi waliokuwa wanategemea bahari peke yake sasa wafungua vibanda vya kufunga maua. Nilimuuliza mmoja kwa ile apu ya kutafsiri, chaza au maua, akanionyesha vidole, mikono yake imepona.

Utakachopenda zaidi ni nyumba zao. Kuta zimebandikwa maganda ya chaza nje, makubwa kama kiganja changu, yamepangwa kama magamba ya samaki, joto halipenyi na mvua yateleza. Maganda makubwa namna hiyo si ya bahari yao, na wao wenyewe wasimulia kuwa yaliletwa na majahazi yaliyorudi bila mzigo wa kutosha, yakajaza maganda chini ili chombo kisiyumbe, na wengine husema yalitoka pwani ya Afrika Mashariki. Ushahidi sina, mi nakupa masimulizi kama nilivopewa. Lakini niligusa ukuta ule muda mrefu kuliko inavyofaa mgeni kugusa ukuta wa mtu.

Kuhusu biashara, wafungie. Usiige lakini maua yao, kule wana maua tusiyokuwa nayo, tumia asmini, mkadi na rehani kama kawaida yako ila kikuba ukifunge kwa nyuma kwenye kifundo cha nywele badala ya kukiacha kifuani, na weka bei ya picha mbali na bei ya kikuba. Niwekee kimoja Ijumaa, cha kawaida, ni cha mke wangu, nitapita baada ya alasiri.